Nyaya Zilizolala Mahali Pema

Otmari,

Pole kwa msiba wa Skolastika.

Najua nimechelewa miaka mitatu, na najua kwamba wewe mwenyewe umelala kando ya mkeo sasa, wiki ya sita hii. Lakini neno hili nilipaswa kulitoa siku ile nilipoingia kwako, na sikulitoa. Nalitanguliza leo kwa sababu siku ile nilitanguliza nyaya.

Nakuandikia nikiwa sebuleni kwako, hapa Mbinga, mchana. Editha, binti yako, amenipa meza uliyotengenezea redio za watu. Matone ya risasi ya kuungia nyaya uliyokuwa ukiyeyusha bado yameganda kwenye mbao. Nimekuja kwenye arobaini yako kama nilivyokuja baada ya Skola: watu wamekwisha kuzika, wamekwisha kunawa mikono, mimi ndiyo nashuka kwenye basi.

Mambo yamebadilika kidogo tu. Redio tatu zilizokuwa juu ya kabati zimefuatwa na wenyewe. Hawakuuliza kama zimepona, walizichukua wakaenda. Kahawa yako ya mteremkoni majirani wameichuma, lakini ngolo za mwaka huu, yale mashimo yenu ya kilimo, hazikulimwa, na mashimo ya mwaka jana yamejaa magugu. Paka wako amehamia nyumba ya pili. Kiti chako hakuna anayekikalia. Nilikikalia mimi siku ya kwanza bila kujua, na mjukuu wako akanitazama mpaka nikainuka.

Unakumbuka bweni la Kigonsera? Mimi nimetoka Liuli, ziwani, na furushi la mbasa wakavu, na wewe, Mmatengo wa milimani, ukatangaza mbele ya wote: "Mnyasa, samaki wako anaimba kuliko kwaya nzima!" Nikakujibu kwamba watu wa kwenu wana mguu mmoja mfupi kwa ajili ya milima. Wiki ile ile tulikuwa tunafukua spika iliyotupwa nyuma ya karakana. Sauti ya kwanza tuliyoipata tulipoiunga kwenye redio ilikuwa ya mtangazaji anasoma matangazo ya vifo. Ulicheka mpaka ukalala chini, ukasema, "Tumewafufua!"

Kisha nikaondoka. Dar es Salaam kwanza, halafu mbali, kwenye baridi, nikitengeneza mitambo ya sauti katika kumbi za muziki kwa miaka zaidi ya arobaini. Huko ndiko nilikopata ule ugonjwa wangu. Niliamini kwamba sauti ina njia, na njia ikiwa safi mtu atasikia kila kitu. Nilikuandikia kurasa nzima juu ya nyaya: shaba isiyochanganywa, nyuzi zilizosukwa moja moja, gamba la kitambaa nene kama kidole gumba. Ukanijibu mstari mmoja. "Waya ni waya, Mnyasa. Njoo mwenyewe."

Sikuja. Nikakutumia spika, na nyaya mbili, mita sita kila mmoja, kwa sababu ulisema sebule yako ni ndefu.

Skola alipofariki, Editha alinitumia ujumbe. Nilijibu neno moja, "Nakuja." Nikaja baada ya miezi minne. Nilikukuta umesimama mlangoni, umekonda, shati limefungwa vifungo kombo kama la mtu asiye na wa kumwambia. Na mimi, niliyelelewa na mama aliyetufundisha kwamba kwenye nyumba ya msiba hunywi hata maji kabla ya kutoa pole, nilivuka kizingiti nikasema:

"Zile nyaya bado zipo?"

Ukajibu, "Zipo. Zimelala mahali pema."

Nikacheka, Otmari. Nilidhani ni utani wako wa kanisani.

Spika zilikuwa zimesukumwa ukutani, mkeka umefunika kila kitu mpaka nyuma ya kabati, na ukaniambia nisiguse. Ukaweka kanda uliyorekodi Kigonsera miaka ya karibuni, kwaya ya akina mama, Skola akiongoza. Nikakaa, nikafumba macho, nikaanza kukufundisha. Nikakuonyesha namna sauti nzito zilivyotoka imara. Na pale Skola alipovuta pumzi kabla ya mstari wa pili, nilikushika mkono nikasema, "Unasikia hiyo pumzi? Hiyo ni kazi ya waya."

Ukasema, "Waya ni waya, Mnyasa." Hukunitazama.

Nilikaa kwako siku tano. Tulikula, tukabishana, tukacheka mara mbili tatu. Kaburini hukunipeleka, nami sikuomba. Sasa najua ulikuwa unasubiri niombe.

Juzi, baada ya misa ya arobaini, Editha alisema nichukue vitu vyangu. Nilisogeza kabati, nikainua mkeka. Nyuma ya spika nikakuta waya mwembamba, mweusi na mwekundu, ule wa kuungia balbu. Nilisimama, na ndugu zako wamejaa sebuleni, wengine hawajamaliza kula, nikasema kwa sauti, "Nani ameuza nyaya?"

Editha aliweka chini bakuli alilokuwa ameshika.

"Shikamoo, Baba Mkubwa," alisema, kana kwamba ndiyo kwanza nimeingia. "Hazijauzwa. Ndizo zilizomshusha mama."

Akanisimulia akiwa amesimama. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Kamba za kanisa la kigango, za kushushia majeneza, zilikwenda kwenye mazishi mengine upande wa Kitura, na gari lililozibeba likakwama kwenye tope. Kamba ya katani ya jirani ilijaribiwa kwa gogo, ikakatika. Padri amesimama na kitabu chake, maji yanaingia kaburini. Ndipo ukaondoka mbio, mzee mzima, ukarudi umezibeba nyaya mabegani kama mtu aliyetoka kuua nyoka wawili. Mtu mmoja akauliza, "Hizi si za redio?" Ukamjibu, "Leo ni za Skola."

Waya mmoja ukapita chini ya kichwa, mmoja chini ya miguu. Hazikukatika. Walipotaka kuzivuta zilikuwa zimebanwa na jeneza kwenye tope, na shangazi yako akapaza sauti, "Ziacheni! Msimsumbue mwenzenu." Wakaziacha.

"Baba alitukataza kukwambia," Editha alimalizia. "Alisema, 'Mnyasa akiuliza habari za mama yenu, nitamwambia mwenyewe.'"

Sikuuliza. Mwaka wa kwanza sikuuliza, wa pili sikuuliza, na kila tulipoongea kwa simu ulinipa nafasi. "Huku tupo," ulikuwa ukisema, halafu unanyamaza. Nilidhani mtandao ni mbaya.

Jana Editha alipokwenda sokoni niliweka ile kanda. Ule waya wa balbu niliuacha ulivyo. Nikasubiri mstari wa pili. Pumzi ipo, Otmari. Ipo yote, hata ule mkwaruzo mdogo mwishoni, wa kifua kilichokuwa kimeanza kumsumbua. Ni Skola anavuta pumzi. Nawe ulikuwa umekaa karibu yangu, unamsikiliza mkeo aliyezikwa miezi minne tu kabla, huku mimi nimekushika mkono nikimsifu mtu aliyesuka shaba.

Huko ninakoishi, nimeona mazishi ya wazee wenzangu. Jeneza hushushwa na watu wanne wa kukodiwa, wana mikanda safi yenye urefu sawa, hawajui jina la marehemu, na wakimaliza wanaikunja mikanda yao wanaipeleka kwa mwingine. Mimi nitashushwa hivyo, nadhani. Sioni nani atatoka mbio kwenda nyumbani kwake kunitafutia kamba.

Editha amekubali kunipeleka makaburini kesho asubuhi, kabla ya chai. Nimemwomba radhi mbele ya wale wale waliokuwepo. Alisema, "Yamekwisha," kwa namna watu wanavyosema yakiwa hayajakwisha. Nitaanza kwa Skola. Nitampa pole ya kuugua nisijue, na pole ya kuzikwa nisiwepo. Kisha nitahamia kwako. Sitachukua kitu katika nyumba hii. Kanda na spika ni za Editha, na ule waya wa balbu nimemsihi asiubadilishe. Nakuahidi kwamba nikipiga simu hapa nitauliza habari za watu kwanza, na mtu akinyamaza upande wa pili, nitasubiri.

Ulisema kweli, nami nikacheka. Zimelala mahali pema, na sasa nanyi pia, wote wawili.

Lala, ndugu yangu. Nakuja, na safari hii ni kesho.

Mnyasa wako