Nani Aigize Mjenzi wa Ngome

3 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na magoti hayakusumbui sana siku hizi. Mimi ni mzima, ila vidole vimechubuka kwa sabuni. Wiki hii tumefua mashuka ya wodi nne badala ya mbili.

Nina habari. Redioni wamesema ile filamu yetu ya malkia mjane inatengenezwa upya, na waigizaji bado wanatafutwa. Nilicheka peke yangu katikati ya mashine. Nilikumbuka ile miaka miwili baada ya kumzika mume wangu, mimi na wewe kwenye kochi moja, kila Jumapili tunatazama kanda ileile: malkia anafiwa na mfalme, anampenda mjenzi anayetengeneza ukuta wa ngome, kisha mama wa mfalme anamfukuza mjenzi na kumfungia lango, na sisi tunalia kana kwamba hatuujui mwisho. Sijui ningeishije bila zile Jumapili. Na ndugu wa marehemu walipokuja kuchukua kabati na kitanda, ni wewe uliyesimama mlangoni ukawaambia mimi ni mwanao. Sijawahi kukushukuru vya kutosha, basi nakushukuru leo.

Tuwasaidie hao watu wa filamu. Nani aigize nani?

Mkweo

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yaleyale, lakini mdomo haujambo. Dawa ya kuchua uliyoleta inanisaidia, asante sana.

Mama wa mfalme ni mimi, hilo halina mjadala. Ndiye mwenye mavazi mazuri kuliko wote, na baada ya miaka thelathini ya kushona sare za shule nastahili kuvaa kitu chenye nakshi. Malkia ni wewe, shingo unayo. Yule mshauri mwongo apewe jirani yangu mwenye duka, hatahitaji hata mazoezi. Aliyebaki ni mjenzi. Wa zamani alikuwa na mabega kama mlango, kwa hiyo usiniletee kijiti.

Mama

2 Machi

Mama,

Shikamoo. Nashukuru kusikia dawa inafanya kazi.

Mjenzi nadhani nimempata. Ni fundi wa mashine zetu za kufulia. Mabega hana, nisikudanganye. Lakini ana subira: mashine ikigoma wengine huipiga teke, yeye hukaa chini akaisikiliza. Akimaliza hufuta maji sakafuni mwenyewe ili tusiteleze. Siku moja aliona vidole vyangu, na kesho yake akaniletea glavu ndefu za mpira. Alifiwa na mkewe miaka sita iliyopita. Akicheka hufunika mdomo kwa sababu ya pengo. Hapendi kelele, ila akiwa peke yake huimba, tena vibaya. Ningependa sana kujua wewe unamwonaje.

Mkweo

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hapa sijambo, tunashukuru.

Huyo fundi hapana. Mtu hana mabega, ana pengo, aje kumchukua malkia wa mwanangu? Mimi mama wa mfalme nafunga lango mapema, arudi kwenye mashine zake. Mwanangu ndiye aliyekuwa na sura ya filamu, naye hayupo. Tafuta mwingine, au nafasi ibaki wazi.

Usichelewe kujibu.

Mama

19 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Miezi mitatu hujaniandikia. Kwanza nilidhani ni posta. Kisha nikadhani unaumwa, nikamtuma dereva wa basi akuulizie hospitalini. Akarudi na kusema u mzima, unafua kama kawaida.

Wiki iliyopita nilizitoa barua zako nizisome upya. Malkia na mshauri hukuwagusa hata kwa mstari mmoja, lakini fundi amejaza ukurasa. Nikavua miwani nikajiita mjinga kwa sauti. Wewe ulikuwa unaniomba ruhusa, nami nilikuwa nacheza filamu na kujichekesha mwenyewe.

Sitakuficha. Nilipoelewa niliumia. Nilimlilia mwanangu upya, nikakukasirikia wewe, na huyo fundi nikamkasirikia zaidi. Halafu nikajiuliza ni nani aliyeniogesha kwa miezi miwili baada ya upasuaji wa magoti. Nani aliyewakataa wachumba akiwa na miaka ishirini na tisa ili mimi nisile peke yangu? Hakuna ndugu wa damu aliyenifanyia hivyo. Asante, mwanangu. Nilipaswa kuliandika neno hilo zamani.

Na yule mama wa mfalme ni mpumbavu. Alifunga lango akabaki na ngome tupu. Mlete huyo fundi. Nikimchukia nitakwambia, lakini nitamchukia akiwa ameketi kwangu. Wewe usinipotelee tena. Nina mtoto mmoja tu aliyebaki.

Mama

1 Julai

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisomea chumba cha kupigia pasi, nikalowesha mashuka yaliyokwisha kunyooshwa.

Nisamehe kwa kunyamaza. Niliposoma ile hapana yako, nilimwambia fundi asinisubiri. Kumpata yeye na kukupoteza wewe nisingeweza. Alisema sawa, akaendelea kufunga skrubu zake, lakini tangu siku hiyo sikumsikia akiimba. Juzi nilimpa barua yako aisome mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akaomba akae nayo kidogo.

Tunakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Anakuogopa sana. Amenunua shati jipya, na tangu jana ananiuliza akifika akuite nani, maana mwanamke anayetaka kumwoa alikuwa mke wa mwanao. Nimemwambia akuite Mama. Mimi mwenyewe sijui jina lako lingine.

Mkweo