Damu ya Paskalina

Bagara, Babati
4 Machi 1984

Dada Ursula, shikamoo. Sisi hatujambo, mvua zimeanza vizuri. Habari za Moshi na za kazi?

Dada, huu ni mwaka wa tisa wa ndoa na mtoto hakuna. Juzi nikiwa napakua chakula, mama mkwe alimtajia Melkiori binti mmoja wa kijiji cha Mutuka, amwoe. Mume wangu hakukataa, akavuta sahani yake akala. Ile damu uliyonitoa Januari, majibu yamefika? Wewe ndiye nesi wa kliniki. Niambie vidonge vya kukomaza mayai naanza lini.

Mdogo wako,
Paskalina

Moshi
29 Machi 1984

Mdogo wangu, marahaba. Sisi wazima, ila sabuni hakuna, hata hospitalini.

Majibu yamerudi kutoka Ulaya. Homoni inayoyaamrisha mayai yakomae iko juu sana kwako. Ikipanda hivyo, ni kwamba mwili unaita na mayai hayaitiki, yamebaki machache. Vidonge huwafaa zaidi wale ambao homoni hiyo iko chini. Vilivyopo vinatosha wanawake sita, na daktari amewachagua kwa vipimo. Wewe humo.

Majina nayaandika mimi. Nilikaa siku mbili na kalamu, nikashindwa kumtoa mwenzako nikuweke wewe. Nisamehe.

Dada yako,
Ursula

Moshi
11 Juni 1984

Paskalina, hujambo? Hii ni barua ya pili naandika, ya kwanza hujajibu. Nitukane, lakini andika.

Dada yako

Bagara
2 Septemba 1984

Dada, shikamoo. Mimi mzima. Nilikukasirikia, sitaficha.

Barua yako ya Machi niliifukia kwenye debe la maharage. Melkiori akaikuta, akasoma. Nikajua sasa anakwenda Mutuka. Akaniuliza, "Hapa wanasema haiwezekani, au ni vigumu?" Nikamwambia nitakuuliza wewe. Jioni akamwambia mama yake nikisikia, "Mama, habari za yule binti ziishe leo."

Nafasi ya mtu siitaki. Ila dawa zikija tena, nataka kujaribu. Nijibu lile swali la Melkiori, usinifiche kitu.

Mdogo wako,
Paskalina

Moshi
20 Oktoba 1984

Mdogo wangu, marahaba. Nimefurahi kuona mwandiko wako.

Ni vigumu. Daktari anasema kati ya wanawake kumi wenye kipimo kama chako, labda mmoja atapata mimba, na huenda asipate hata huyo. Dawa zimeletwa nyingine, kila mtu atapata. Amekubali ujaribu miezi mitatu, baada ya hapo basi. Njooni wote wawili.

Dada yako,
Ursula

Bagara
17 Machi 1985

Dada, shikamoo. Hapa tunaendelea.

Mwezi wa tatu wa vidonge umekwisha na jana nimeona siku zangu. Nililia kutwa. Melkiori akasonga ugali mwenyewe, ukatoka mbichi, tukaula hivyo hivyo. Leo tumekwenda kupalilia. Tumekubaliana tumefika mwisho wa vidonge, na nyumba yetu inaendelea.

Jirani yangu Wilhelmina ana miaka ishirini na minne, na mwaka wa nne huu wa ndoa hajashika mimba. Kila mtu anamwambia asubiri. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna kipimo. Mimi nilisubiri miaka tisa. Alhamisi kuna lori la mahindi linakuja huko. Nimeshaongea na dereva, tunapanda mimi na Wilhelmina.

Mdogo wako,
Paskalina