Unga wa Tapsubei

Molo,
19 Agosti 1956

Dada yangu mpenzi Chepkemoi,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Naomba barua hii ikukute umeketi salama, shemeji na watoto wakiwa na nguvu, na ule mgongo wako uliokusumbua wakati wa kupalilia uwe umepoa. Sisi tu wazima. Kosgei anakusalimu pia, ingawa salamu zake nakuandikia bila kumwuliza, maana juma hili hasemi nami sana. Utaona sababu.

Kwanza habari njema: nimejifungua mtoto wa kike, Jumatano ya juma lililopita. Ananyonya vizuri, na akilia ana sauti ya marehemu mama yetu.

Sasa nikueleze habari za jirani yangu Tapsubei, mke wa Kimaiyo. Tangu tulipohamia shamba hili la mzungu, miaka mitatu sasa, milango yetu inatazamana. Waume zetu walikuwa na mshahara mmoja. Kila Jumamosi tulisimama foleni pamoja tukapimiwa posho kwa debe lilelile. Mimi, unavyonijua, si mharibifu. Unga niliufunga kwa kamba, chumvi niliificha juu darini, na mtoto akiomba kuongezwa nilimkazia macho tu. Hata hivyo kila Ijumaa ilinikuta nakung'uta gunia. Kwa Tapsubei Ijumaa kulikuwa na uji, tena wa kugawa.

Usidhani ni mtu wa kula ovyo. Kwa uangalifu ananishinda mbali. Sabuni anaikata kwa uzi, kipande chembamba kwa kila siku ya kufua. Magunia ya unga anayafua na kuyashona kaptura za watoto. Majani ya kabichi ambayo memsaab huwatupia nguruwe, yeye huyaomba akayaanika juu ya bati. Lakini mpita njia akibisha, anapewa. Mwenye mgonjwa anapelekewa. Na yeye akipewa hata kibiriti chenye njiti tatu, anashukuru kwa mikono miwili kana kwamba amepewa mtamba.

Dada, kushukuru kwake ndiko kulikonichoma zaidi. Watoto wangu walinitoroka wakashinda jikoni kwake. Kosgei akarudi siku moja akisifu uji wa kwa Kimaiyo, huku sufuria yangu iko motoni. Mchungaji alipokuja kutoka Nakuru, nilichinja jogoo wangu wa pekee, lakini wazee wa kanisa walimpitisha mlangoni pangu wakampeleka kwa Tapsubei kula kabichi kavu. Jogoo tulimla wenyewe. Sikusikia ladha yake.

Tukichuma pareto nilimwuliza mbele ya wanawake wote anapata wapi vya kugawa. Akacheka, akasema, "Sina kingi, Chepngeno. Nikipimiwa nashukuru. Nikishukuru naona kinanitosha. Na kikinitosha, kinabaki." Wanawake wakaitikia kama wako kanisani. Mimi nikainama nikaendelea kung'oa yale maua, mengine na mashina yake.

Basi mwezi wa sita gunia la unga likapotea ghalani. Nyapara wetu, Kiprugut, alizunguka akiuliza maswali nyumba zote, na siku ya pili akaja na watu wawili kwa Tapsubei peke yake. Walipindua kitanda, wakavunja chungu, wakakuta kibuyu cha unga nyuma ya kitanda wakakimwaga chini. Gunia hawakuliona. Lakini bwana alisema mtu aliyetiliwa shaka hawezi kushika maziwa yake. Kimaiyo akatolewa kwenye kukamua, akapelekwa msituni kukata kuni. Nafasi yake akapewa Kosgei, nasi tukaanza kupata kopo la maziwa kila asubuhi.

Jumatano ile ya kujifungua uchungu ulinishika mchana, mvua ikinyesha, watu wote wakiwa kwenye pareto. Binti yangu mkubwa alikimbia kutafuta msaada, akarudi na Tapsubei. Alikuwa ameacha kikapu chake shambani. Alinishika mgongo, akampokea mtoto, akatuosha sote wawili, kisha akaenda kwake akaniletea uji. Nilipoumeza nilisikia mchanga kwenye meno. Akaniomba radhi. Alisema ameuchekecha unga ule mara tatu, lakini mchanga wa sakafuni hautoki wote. Alikuwa akiweka konzi moja ya unga kibuyuni kila alipopika, tangu alipoliona tumbo langu, kwa kuwa alijua sina mama wa kunipikia.

Dada, sasa soma hili ukiwa peke yako. Aliyemwelekeza Kiprugut ni mimi. Nilimwambia, "Tunapimiwa debe moja. Yeye anagawa, mimi sina. Tazama mwenyewe." Sikutamka kwamba ameiba. Nililipanga neno hilo vizuri ili nisije nikaitwa mwongo. Na nilijua hakuiba. Kwa wivu wangu nilikuwa nikimchungulia kila siku kwenye ufa wa mlango, na zile konzi niliziona kwa macho yangu zikiingia kibuyuni, moja moja.

Siku ya nne baada ya kujifungua nilivuka uwanja nikamweleza. Alikuwa anachambua maharagwe, na mikono yake haikusimama. Alisema alijua siku ileile, kwa sababu walipokuwa wakipekua, majirani wote walitoka kutazama isipokuwa mimi. Nikamwuliza kwa nini basi alikuja nilipoita. Akajibu, "Mtoto hakunisingizia." Kisha akaniambia nirudi nikanyonyeshe. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuomba.

Jioni nilimwambia Kosgei. Alivaa koti lake, tukaenda wote kwa Kiprugut, nikasema yote. Tangu Jumatatu Kimaiyo amerudi kwa ng'ombe, na Kosgei yuko msituni na shoka.

Jana Tapsubei aliwamiminia watoto wake maziwa mlangoni, akawaona wangu wamesimama, akawaita nao. Ningependa kukuandikia kwamba nilifurahi. Hapana. Wivu ulinipanda uleule, hata nikamwonea wivu kwa jinsi alivyoweza kuwaita. Nilikaa ndani kwanza. Halafu nikambeba mtoto, nikaenda, nikamshukuru mbele ya watu. Sauti ilitoka vibaya. Alinitazama kidogo, akasogea kwenye benchi, nami nikaketi.

Ukinikasirikia una haki, lakini usikae muda mrefu bila kuniandikia. Msalimie shemeji, uwabusu watoto kwa ajili yangu, na majirani zako wa kushoto na kulia uwape heri yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Chepngeno