Ufunguo wa Bi Zhour

Khenifra, Jumatano

Shangazi Itto mpenzi,

Sote wazima, na zeituni za babu zimeanza kuiva. Mimi ndiye niliyependekeza Bi Zhour, anayetufundisha maigizo bila malipo, atuzwe Ijumaa kwenye klabu yetu ya vijana. Nilisahau kwamba hapa kwetu mtu hutuzwa anapoagwa tu.

"Kumbe mmenichoka, binti yangu!" aliniambia huku akicheka, kisha akanikabidhi ufunguo wa ukumbi.

Niliupokea, na tangu siku hiyo natembea nao mfukoni. Ijumaa mimi ndiye nitakayempa maua. Nitaufunga ufunguo humo humo, nimwambie mbele ya watu wote: "Jumamosi tuna mazoezi, Bi Zhour, usichelewe."

Niombee aupokee.

Mwanao,
Ghizlane