Kilo za Kumpa Barasa Figo

Jumatatu, 3 Februari
Geti moja limekwisha, la pili linangoja rangi. Chai na chapati tatu kibandani. Kisha simu ya hospitali. Damu yangu na ya Barasa zimepatana. Huenda figo yangu ikamfaa! Nilizima mashine ya kuchomelea nikakaa juu ya vyuma. Barasa ni mdogo wangu, tumbo moja. Mwaka mzima anasafishwa damu kwa mashine, mkojo hautoki. Nina furaha.

Alhamisi, 6 Februari
Vipimo vyote safi, ila kimoja. Daktari alinivua viatu akanipima urefu: mita 1.7. Uzito kilo 92. Akanifundisha hesabu. Urefu mara urefu, halafu uzito ugawe kwa jibu hilo. 1.7 mara 1.7 ni 2.89. Mimi natoka karibu 32. Kwao, mtoa figo lazima awe chini ya 30, la sivyo kupasuliwa kuna hatari zaidi.

Mwingine angevunjika moyo. Mimi nilirudi mtaani Umoja nikicheka peke yangu. Kumbe kinachotakiwa ni kupungua tu! Nimepiga hesabu kwa chaki kwenye bati la karakana. Kilo 86 zinatosha.

Jumapili, 16 Februari
Mke wangu Nekesa ameficha mafuta ya kupikia. Sukuma wiki, maharagwe, ugali wa kuonja. Njaa mbaya. Lakini nimejiunga na vijana wanaoinua vyuma nyuma ya soko. Uzani wao ni mikebe iliyojazwa saruji. Nainua kama mwendawazimu. Kifua kimeanza kujaa. Najipenda.

Jumamosi, 15 Machi
Kilo 91. Nimepanda mizani tena. 91. Mwezi mzima kwa kilo moja, na suruali inanidondoka! Sielewi. Nina hasira. Barasa amelazwa, maji yameingia mapafuni. Naogopa.

Jumatatu, 17 Machi
Daktari alinizungushia utepe kiunoni. Kimepungua sana. Akanieleza kwamba ile hesabu haijui nyama wala mafuta, inajua kilo tu. Mwanamume wa vyuma anaweza kuonekana mnene kwenye karatasi. Ndiyo maana hupima na kiuno, kwa sababu sisi wanaume mafuta yetu hupenda tumbo.

Nikamwuliza kama basi atanipokea hivi nilivyo. Hapana. Jopo la madaktari wanaoidhinisha linataka vyote viwili, kiuno na ile hesabu. Nipunguze vyuma, nitembee.

Ajabu ni kwamba nilitoka nimechangamka. Umri huu wote sijawahi kuelewa mwili wangu. Sasa naujua. Kesho natembea hadi Njiru.

Jumanne, 22 Aprili
Njiru na kurudi, kila asubuhi kabla ya kazi. 88! Barasa ametoka hospitalini, amekonda, macho makubwa. Nekesa anasema sikoromi tena kama zamani. Nimeonja chapati moja. Sijuti.

Jumanne, 13 Mei
86! Daktari alipiga hesabu yake, nami yangu. Chini kidogo ya 30. Jopo limekubali. Nilimkumbatia muuguzi nisiyemjua.

Nilipitia kwa Barasa kumwambia. Alinivuta nikae karibu. Kisha akasema, "Kaka, bado unaweza kukataa."

"Nimekula sukuma wiki tangu Februari," nikamwambia. "Nikatae niende wapi?"

Akacheka hadi akakohoa. Nami nikalia kidogo, sijui kwa nini.

Alhamisi, 12 Juni
Ubavu waliopasua unauma nikikohoa. Naandika polepole.

Asubuhi walinisukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kwa Barasa. Alikuwa amelala. Pembeni ya kitanda mfuko wa mkojo umejaa, manjano safi. Muuguzi aliumwaga, akauning'iniza tena.

Nikaomba waniache pale. Nimekaa nikiutazama ukijaa.