Naongoza Maombi ya Mvua, Moyoni Naomba Jua

Mama Cansilde mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, na tafadhali usisome jina langu redioni, maana hapa kambini Nakivale kila mtu anasikiliza kipindi chako na wengi wanakisikiliza kwa simu walizochaji kwangu. Mimi ni Mkongo wa Kivu ya Kusini, nina mke na watoto, na juu ya mabati ya nyumba yangu nina sola niliyoinunua Mbarara nikiambiwa kwamba jua ni la bure, na kweli jua ni la bure, Mama, ila kila chombo kinacholishika hilo jua kina njaa kuliko watoto wangu. Paneli inataka kufutwa vumbi la barabara kila asubuhi, na nikimaliza tu wanakuja kaloli, wale ndege wakubwa wa jalalani, wanaigeuza choo. Betri inataka maji yake maalumu kutoka Mbarara, na siku yalipokwisha nikaitilia ya bomba nikisema maji ni maji, ikafa, tukauza mbuzi wa mke wangu tukanunua nyingine, kisha inverta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani, nayo ikaungua, ikaondoka na mbuzi wa pili. Mawingu yalipozidi kunisumbua, fundi mmoja wa Biharwe anayeitwa Ezira akanishauri niongeze mashine ya umeme wa upepo, akatoboa mabati akafunga nguzo, lakini upepo wetu hutoka ziwani mchana wakati jua lipo, usiku unalala kama sisi, na beringi za mashine zinalia mpaka majirani wananiuliza ninachinja nini.

Sasa shida yenyewe ni hii. Kanisani kwetu spika na maikrofoni vinatumia umeme wangu, kwa hiyo waliponichagua kuwa kiongozi wa maombi sikushangaa sana, na msimu huu mvua imekataa, mahindi yananyauka, posho ya chakula imepunguzwa, tumebaki kutegemea shamba ambalo mke wangu alilima peke yake wakati mimi nafuta paneli, basi mchungaji akaniambia niongoze maombi ya mvua. Jumapili iliyopita nikasimama, nikaomba kwa machozi, halafu nikaikumbuka betri na mdomo ukasema wenyewe, "Bwana, utunyeshee usiku tu, mchana utuachie jua, na hiyo ya usiku isiwe mingi," kwa sababu yale matundu ya nguzo yanavuja juu ya kitanda cha watoto. Kanisa zima likaitika Amina, wakasema nina hekima. Mke wangu peke yake hakuitika. Tulipofika nyumbani akaweka Biblia mezani akaniuliza:

"Baba Joël, uliombea mahindi ao uliombea ile kitu iko juu ya nyumba?"

Nikamwambia niliombea vyote viwili.

"Mungu si fundi wako," akasema. "Jumapili ukiomba tena vile, nitasimama mbele ya batu bote niseme. Batoto habatakula betri."

Mama, nikiomba mvua kwa moyo wote, biashara itakufa, maikrofoni itazimika, na mimi sitakuwa mtu tena kanisani. Nikiomba jua, nitaaibishwa mbele ya watu. Je, hakuna maneno ya kuomba ambayo mke wangu ataridhika nayo na betri isidhurike?

Mtumishi Anayeteseka, Nakivale

*

Mtumishi Anayeteseka,

Jina lako sikulitaja. Lakini ndugu yangu, Nakivale nzima ina mashine ngapi za upepo zinazolia kama nguruwe? Tena umemwandika mkeo akikuita Baba Joël. Pole, wanakujua mpaka kambi ya Oruchinga.

Pole yangu ya pili ni ya kweli. Walikuuzia jua wakanyamaza kuhusu betri. Mimi mwenyewe hapa Nyamitanga nina sola, na wiki ya mawingu nakula chakula cha jioni mapema nipate kuona miiba ya samaki. Kwa hiyo sikuambii uitupe. Ila hapa Ankole hakuna anayenunua ng'ombe akidhani maziwa ni ya bure. Wewe ulinunua, hukuuliza majani yatatoka wapi, na yakatoka kwa mbuzi wa mwenzako.

Na hapo ndipo hasira inanipanda. Betri yako inaletewa maji kutoka Mbarara, mahindi ya mkeo unayaombea kiu! Mbuzi walikuwa wake, jembe ameshika yeye, maikrofoni umeshika wewe. Unataka Mungu akae karibu na swichi, awashe huku azime kule, kisha unaniomba mimi nikutungie sala ya kumzungusha. Hao waliokusifia hekima, wakivuna magunzi watakukumbuka vizuri sana.

Jibu la swali lako ni hapana. Maneno hayo hayapo.

Hiyo mashine ya upepo ing'oe kesho. Ezira akikataa kuichukua, isimamishe shambani ifukuze ndege, itakuwa imefanya kazi kwa mara ya kwanza. Kwenye kila simu unayochaji tenga pesa kidogo ya betri, na akiba hiyo aishike Mama Joël, ili betri ikifa tena isile mbuzi mwingine. Siku za mawingu usikae ukitazama juu. Shika jembe, shamba lina kazi na wewe huna.

Jumapili, maombi mwachie mkeo. Mwambie mchungaji ukweli kwamba mvua hiyo wewe huwezi kuiomba bila kuchungulia betri. Utaona aibu, ndiyo, lakini ni afadhali uiseme mwenyewe kuliko kusemewa na Mama Joël mbele ya watu, maana yule mama hatanii. Maikrofoni ikizimika, atapaza sauti. Mwanamke aliyelima peke yake hakosi kusikika.

Lakini kabla ya hapo, Jumamosi panda juu ya nyumba. Safari hii usifute kitu. Ziba yale matundu juu ya kitanda cha watoto, yote. Ukishuka, utakuwa umeanza kuomba mvua.