Kamba Namba Moja

Malvern, Scarborough,
Toronto, Kanada.
7 Machi 2010

Mpendwa kaka Thobias,

Shikamoo. Hamjambo huko nyumbani? Wifi yangu mama Josaphat hajambo? Na mguu wako ulioteguka shambani umepona, au bado unautumia kama sababu ya kutolima? Sisi hapa tunashukuru Mungu. Theluji bado ipo, imekuwa nyeusi kama majivu kando ya barabara. Binti yangu Sara amefika kifuani kwangu. Kiswahili anakisikia chote, hasa ninapomsengenya, ila kujibu ni Kiingereza tu.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Nitakwambia. Lakini kwanza vumilia nikusimulie habari za mzee mmoja na kijiji chake, maana bila hizo utadhani baridi imenipanda kichwani.

Mzee mwenyewe ni Bwana Geddes, yule Mzungu ninayemhudumia. Ana miaka themanini na minne, anaishi peke yake ghorofa ya sita, safari ya basi kama saa nzima kutoka kwetu. Masikio yake hayasikii vizuri, kwa hiyo simu zake napokea mimi. Asubuhi nampikia uji wa shayiri, naye anautia chumvi badala ya sukari. Mwaka wa tatu huu nautazama ule uji na sijauzoea.

Kwao ni Uskoti, kijiji kinachoitwa Balnarrow, kilichobanwa kati ya kilima na mto. Kaka, kijiji hicho nakijua kuliko ninavyoijua Toronto. Wanaume walivua samoni kwa nyavu ndefu, mmoja akizungusha mtumbwi, wengine wamesimama ukingoni wanavuta. Mto ulikuwa na mwenyewe, bwana mkubwa mwenye ardhi. Mvuvi alilipwa ujira wake tu, na mtoto akikutwa na samaki ndani ya koti alifikishwa kwa hakimu. Zamani za babu yake walikuwa na nyumba ya mawe iliyofukiwa nusu ardhini. Bwawa la kijiji likiganda, kijiji kizima kilitoka kukata barafu na kuijaza humo, ili samaki wa kiangazi wafike mjini bila kuoza.

Jumamosi mchana nyavu zilianikwa mpaka Jumatatu, ndiyo sheria. Basi Jumapili watu wako kanisani, wanawasikia samaki wakirukaruka mtoni, na mchungaji anahubiri juu ya subira! Aliponisimulia hilo nilicheka mpaka nikamwaga uji.

Siku hizi hakuna nyavu. Nyumba za wavuvi zimenunuliwa na watu wa mjini wanaokuja kiangazi na kuondoka. Kwenye mlango wa kinu cha zamani kuna alama za mafuriko zimechongwa kwenye jiwe, kila moja na mwaka wake. Nilimwambia Kagera yetu nayo hufurika, ila sisi alama tunazibeba kichwani. Katika watu wa zamani alikuwa amebaki dada yake, Elspeth, aliyemwandikia kila mwezi: nani kafa, nani kauza, maji yamefika wapi. Barua hizo namsomea mimi kwa sauti kubwa, majirani wote wanazijua.

Mwisho wa Januari simu ililia. Alikuwa mtoto wa Elspeth. Akasema mama yake amefariki, mazishi yatakuwa baada ya siku nane, na nimuulize mjomba anamteua nani amshikie kamba namba moja. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Hiyo kamba sikuielewa, na sikuuliza.

Bwana Geddes alikuwa mezani anakula, ananiuliza kwa mkono ni nani. Kaka, nilifanya kama tulivyolelewa. Habari ya msiba haimwagwi mbele ya mtu aliye peke yake na kijiko mkononi. Anaachwa ale, watu wanakusanywa, wanakaa naye, ndipo mkubwa mmoja anasema. Nikamjibu, "Ni ofisini kwetu tu." Nikapanga kwamba Jumapili, mchungaji wake na jirani wakija, tutamwambia pamoja. Jumapili theluji ikafunga njia, hakuna aliyekuja. Jumatatu akapata homa. Nikasema apone kwanza. Mzee wa miaka themanini na minne hawezi kupanda ndege, nikajiambia, haraka ya nini?

Siku ya kumi mchungaji akaja, tukakaa, tukamwambia. Akauliza jambo moja tu: amezikwa lini? Nilipomtajia siku akafumba macho.

Ndipo nikaelezwa habari ya kamba. Kwao jeneza huteremshwa kaburini na ndugu wenyewe, kwa kamba nane zenye namba. Kila mtu hupewa yake kwa jina, na namba moja, ya kichwani, ni ya aliye karibu zaidi na marehemu. Mtoto wa Elspeth alimwachia mjomba wake kamba hiyo, akitaka ateue tu mkono wa kumshikia. Alingoja jibu mpaka asubuhi ya mazishi. Halikuja, akadhani mjomba amekataa. Kamba ya kichwani ilishikwa na mfanyakazi wa mazishi, mtu asiyemjua Elspeth hata kwa sura.

Bwana Geddes hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema, "Siku nane dada yangu amelala pale, na mimi ninakula na kucheka na wewe." Kisha akasema, "Nani alikupa kazi ya kuupima moyo wangu?" Akaniambia nisije wiki ile. Wiki nzima nilikaa ndani nikisubiri ofisi inifukuze kazi. Kumbe hakuwaambia neno.

Niliporudi nilimwomba ruhusa nimpigie mpwa wake mwenyewe. Nikamwambia kosa ni langu, mjomba wako hakujua. Wiki iliyopita imefika bahasha kutoka kwake, ndani yake kadi ndogo iliyochorwa jeneza na namba nane kulizunguka. Kwenye namba moja limeandikwa jina la Bwana Geddes. Ameiweka dirishani, na anaitazama kila ninapomletea uji.

Nilipoanza kulia akaniuliza kama kwetu nami nimewahi kufanyiwa hivyo. Kaka Thobias, nilimwambia ndiyo.

Unakumbuka mwaka 2003? Mliniambia Baba anaumwa kidogo, nimwombee. Nikamwombea wiki tatu. Siku moja niko dukani nachagua mihogo ya kugandishwa, akaja Nazmin, yule wa familia ya Alibhai waliokuwa na duka Bukoba, akanikumbatia, "Pole, dada, pole kwa Mzee." Alidhani najua. Mimi nimesimama na mfuko wa mihogo, nilikuwa namwombea uponyaji mtu aliyekwisha zikwa. Sikuwalaumu. Nilisema wamenionea huruma, niko mbali, nina mtoto mchanga, ndiyo desturi yetu. Na desturi hiyo hiyo nikaichukua nikaenda kumjeruhi nayo mzee wa watu. Alipoteremshwa Baba, udongo wangu ulirushwa na nani, kaka? Miaka saba sijakuuliza. Leo nauliza.

Na sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Tangu mwezi uliopita nimepiga simu mara nne nizungumze na Mama. Mara ya kwanza amelala. Mara ya pili yuko kwenye sala za jumuiya, tena siku ya Jumanne, wakati jumuiya yenu tangu utoto wangu ni Jumamosi. Mara ya tatu amelala tena. Sara alikuwa anasikiliza, akanitazama, akasema, "But Mama, Bibi never sleeps mchana." Mara ya nne nikakuuliza wewe waziwazi, ukasema mtandao mbovu, ikakatika. Mtandao wenu huwa mbovu pale tu ninapomtaja Mama.

Naogopa, kaka. Sili vizuri, na kila simu ikilia naikimbilia kabla haijalia mara ya pili. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kama anaumwa, niambie anaumwa nini, nitakopa nauli nije nimshike mkono. Kama ni lile jingine, niambie vilevile. Usinipimie moyo wangu. Ni wangu, nitaubeba mwenyewe.

Barua hii anakuletea Frank, kijana wa parokia yetu anayekuja likizo ya Pasaka. Najua mtamkaribisha, mtamchinjia kuku, mtamwekea ndizi, na maneno yataanza baada ya kunawa mikono. Safari hii hapana. Nimemwagiza asiguse hata maji ya kunywa kwako kabla hamjampeleka kwa Mama. Ataomba apelekwe pale pale alipo, popote mlipomweka, na atanipigia akiwa amesimama mbele yake. Nisamehe kwa kukuamrisha, wewe ni mkubwa wangu.

Nisalimie mjomba Silvanus na ukoo wake, wifi yangu, Josaphat na wadogo zake, na wote wa jumuiya, ya Jumamosi. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe ulimi mwepesi siku barua hii ikikufikia.

Salamu zangu kwa Mama sikuziandika hapa. Frank anazo mdomoni.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda, na ninayekaa karibu na simu,
Asumpta